Embe Lichumwe Lini? Changa, Pevu na Bivu

Leo nataka tuzungumze juu ya tunda ambalo kuanzia Novemba hadi Februari liko kila mahali hapa Pwani: sokoni, kando ya barabara, kwenye mikokoteni, na chini ya miti yetu wenyewe. Tunda lenyewe ni embe.

Pengine utaniuliza, muuguzi na maembe wapi na wapi? Si hayo ni mambo ya afisa wa kilimo? Ni kweli, afisa wa kilimo ndiye atakayekufundisha kupogoa mwembe na kupambana na nzi wa matunda. Lakini siku unayopeleka upembo juu ya mti na kuangua embe, siku hiyo hiyo unaamua mtoto wako atapata nini ndani ya tunda lile. Ukiliangua mapema mno, hakuna kuvumbika wala dawa itakayotia ndani kile ambacho mti haukupata nafasi ya kutia.

Wazee wetu walituachia maneno matatu, na nawaomba tuyashike, kwa sababu mazungumzo yote ya leo yamo ndani yake. Kuna embe changa, kuna embe pevu, na kuna embe bivu. Embe changa bado linakua. Embe pevu limemaliza kukua, limejaa, lakini bado ni gumu na bado ni kali. Embe bivu ni lile pevu lililolainika na kuwa tamu. Siku hizi wengi wetu tumebaki na maneno mawili tu, bichi na bivu, na kila kilicho kibichi tunakihesabu kuwa kitu kimoja. Hapo ndipo tunapodanganyika. Embe changa na embe pevu yote mawili tunayaita mabichi, yote mawili ni ya kijani, na yakitiwa kapu moja huwezi kuyatenganisha kwa kutupa jicho mara moja.

Hebu tuangalie kinachotendeka ndani ya tunda. Majani ya mwembe hutengeneza chakula kwa kutumia mwanga wa jua, na chakula hicho hupita kwenye kikonyo na kuingia ndani ya embe. Embe hukiweka akiba kama wanga, wanga wa namna ile ile iliyomo ndani ya muhogo. Kazi hii huchukua miezi mitatu hadi mitano tangu maua, kutegemea aina ya embe na hali ya hewa. Embe likishapevuka, ghala lake limejaa. Hapo hata ukilikata mtini halifi. Huendelea kupumua, hutoa hewa yake lenyewe iitwayo ethilini, na hewa hiyo ndiyo inayoliamrisha liive. Wanga hugeuka kuwa sukari, ukali hupungua, nyama hulainika, na ile rangi ya manjano inayoelekea machungwa huongezeka ndani kwa ndani.

Sasa chukua embe changa. Ghala lake lina nini? Nusu, pengine robo. Ukilikata, njia ya kikonyo imefungwa na hakuna cha kuongezwa tena. Utaliweka wiki nzima. Ganda litajikunja kama ngozi ya mzee, nyama italainika kidogo, na ukilionja ni maji maji yasiyo na ladha. Kunyauka si kuiva. Mtoto atalikataa, na mama atasema mtoto wangu hapendi matunda. Mtoto hana kosa, mama. Hakupewa tunda lililokamilika.

Wasikilizaji, si kila tunda lina bahati ya embe. Ndizi, papai, parachichi, pera na embe huweza kuiva baada ya kuchumwa iwapo yamepevuka. Lakini zabibu haziwezi. Chungwa haliwezi, nanasi haliwezi, ndimu haiwezi. Zabibu haina ghala la wanga la kugeuza kuwa sukari. Sukari yake yote hutoka kwenye majani, hupita kwenye kikonyo na kuingia ndani ya punje, na siku shada linapokatwa ndipo hesabu inapofungwa. Ndiyo maana wakulima wa zabibu, kama wale wa Dodoma kwa jirani zetu Tanzania ambao huvuna mara mbili kwa mwaka, husubiri zabibu ziive pale pale kwenye mzabibu. Na wewe unayenunua zile za dukani kutoka Afrika Kusini au Misri, ukionja moja ikawa kali, usiziweke nyumbani ukingoja. Zitakuwa kavu zaidi, hazitakuwa tamu zaidi.

Turudi kwenye embe, sasa kwa upande wa mwili.

Ile rangi ya machungwa ndani ya embe bivu huitwa beta-karotini. Mwili huichukua na kuigeuza kuwa vitamini A. Vitamini A ndiyo inayolinda macho, ngozi, na utando ulioko ndani ya pua, mapafu na matumbo, ambao ni kama ukuta wa kuzuia vijidudu. Mtoto aliyepungukiwa na vitamini A huanza kwa kutoona vizuri jioni. Mchana anacheza na wenzake kama kawaida. Jua likishatua anajikwaa kwenye kigoda, anapapasa ukuta, anataka kushikwa mkono hadi chooni. Mzazi hudhani anaogopa giza. Mtoto huyo aletwe kituo cha afya upesi, kwa sababu upungufu ukiendelea unaweza kulipofua jicho kabisa. Na hata kabla ya macho kuharibika, surua au kuhara kukimpata mtoto wa namna hii humwangusha vibaya kuliko mwenziwe.

Beta-karotini katika embe changa ni kidogo sana. Kata moja utazame, nyama yake ni nyeupe pepepe. Katika embe pevu huanza kuonekana karibu na kokwa. Katika embe bivu imeenea kote. Kwa hivyo jicho lako ni kipimo kizuri tu, huhitaji maabara. Kadiri nyama ya ndani inavyokaribia rangi ya machungwa, ndivyo vitamini A inavyozidi. Nimesema nyama ya ndani. Rangi ya ganda ni jambo jingine, na nitalifikia.

Vitamini C mambo yake ni kinyume. Hiyo ni nyingi zaidi embe likiwa bichi, na hupungua kadiri linavyoiva. Lakini msitishike. Hata embe bivu bado linayo ya kutosha: gramu 100 za nyama yake, yaani kama kikombe kidogo cha vipande, zina miligramu 36 hivi, na kiasi hicho ni kizuri kwa mtoto mdogo. Kwa maneno mengine, embe bivu lililochumwa likiwa pevu humpa mtoto vitamini zote mbili. Embe changa lililolazimishwa kulainika halimpi hii wala ile kwa ukamilifu.

Nisije nikaeleweka kana kwamba embe ni dawa ya kila kitu. Kile kikombe kidogo cha vipande humpa mtoto wa miaka miwili kama sehemu moja ya tano tu ya vitamini A anayohitaji kwa siku. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa vina nyingi zaidi kwa mbali, na mchicha, majani ya kunde na boga pia husaidia. Embe ni mwenzao, tena lina sifa moja ambayo mboga hazina: mtoto hulila bila kubembelezwa. Na matone ya vitamini A yanayotolewa kituoni kila baada ya miezi 6, kuanzia mtoto anapotimiza miezi 6 hadi afikishe miaka 5, hayaachwi kwa sababu ni msimu wa maembe. Mlete mtoto, na hasa wiki za Malezi Bora mwezi wa Mei na Novemba zisikupite.

Jambo moja zaidi kuhusu vitamini A. Huingia mwilini vizuri ikiwa kuna mafuta kidogo tumboni. Watu wa Pwani hatuna shida hapo. Mtoto aliyekula wali wa nazi au mchicha wa nazi kisha akapewa embe amepata mafuta tayari. Kama hakuna nazi, njugu zilizopondwa au maziwa yatatosha. Kumpa embe peke yake asubuhi na mapema si vibaya, lakini baada ya chakula ni bora.

Basi utalijuaje embe pevu mtini? Tazama mabega yake, pale karibu na kikonyo. Embe changa mabega yake yameteremka, na kikonyo kimesimama juu kama kofia. Embe linapopevuka mabega hujaa na kuinuka, hata kikonyo huonekana kama kimezama kwenye shimo dogo. Hii huonekana vizuri kwenye embe epo na kent. Kwenye ngowe, ambalo ni refu na lina mdomo, tazama zaidi namna mashavu yalivyojaa. Halafu chuma moja tu, likate hadi kwenye kokwa. Kokwa liwe gumu, na nyama iliyoligusa iwe imeanza umanjano. Ikiwa bado nyeupe, yaache mengine. Umepoteza embe moja, umeokoa mti mzima, na hilo moja halitupwi, linaingia kwenye kachumbari.

Wengine hutumia ndoo ya maji: lililopevuka huzama, changa huelea. Mara nyingi hufanya kazi, ingawa mimi sitegemei ndoo peke yake. Na wapo wanaongoja popo. Popo wakianza kuangusha maembe usiku, mnajua wenyewe mti umekaribia. Hiyo pia ni dalili, ila msingoje hadi popo washibe.

Usitazame ganda ukadanganyika. Wekundu wa embe epo au tommy huletwa na jua lililolipiga upande mmoja, na linaweza kuwa jekundu huku bado ni changa. Na ngowe linaweza kuwa kijani na tayari limepevuka.

Tena maua ya mwembe hayatoki siku moja. Kwa hivyo matunda hayapevuki siku moja. Mti huanguliwa kwa awamu, mara mbili au tatu au nne, kila mara unachagua yaliyojaa. Najua ni kazi. Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma.

Katika vijiji vingi mti huuzwa ukiwa bado maua. Dalali anakuja mwezi wa tisa au wa kumi, anatazama mti, anataja bei ya mti mzima, na mwenye shamba anachukua pesa kwa sababu nyumbani kuna haja. Kuanzia hapo mti si wako. Dalali anaangalia soko, haangalii mabega ya embe. Bei ni nzuri zaidi mwanzo wa msimu, kabla maembe hayajajaa sokoni, kwa hivyo analeta vijana na kuangua kila kitu kwa siku moja, changa na pevu pamoja. Lori linaondoka. Watoto wa shamba hilo wanabaki kuokota yaliyoanguka na kupasuka, yenye mabuu ndani. Nimewapima uzito watoto wanaoishi katikati ya miembe ambao msimu mzima hawakukata embe zima wakalila.

Simlaumu mzazi anayeuza. Karo ya Januari haingoji, na nzi wa matunda wanaoingia embe linapoanza kuiva wamewatia hasara wengi, kwa hivyo kuwahi kuvuna kuna sababu. Ninachoomba ni kidogo. Unapopatana na dalali, mti mmoja usiwemo. Kama una mti mmoja tu, tawi moja lisiwemo, na useme hivyo mbele ya shahidi kabla ya kupokea pesa. Na kama mko wakulima kadhaa, patanianeni naye pamoja kwamba atakuja kuangua baada ya maembe kupevuka, na kwa awamu. Dalali mmoja mbele ya mkulima mmoja ana nguvu. Mbele ya wakulima kumi atasikiliza, maana na yeye maembe machanga yanayomnyaukia Nairobi si faida kwake.

Sasa, hayo machanga yaliyopakiwa kwenye lori huwaje? Mengine hutiwa kabaidi. Haya ni mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma huyatumia kupata gesi. Yakikutana na unyevu hutoa hewa iitwayo asetilini, na hewa hiyo huliiga agizo la ile ethilini ya embe. Mtu hufunga vipande kwenye karatasi, huviweka katikati ya maembe kwenye kreti au gunia, hufunika, na baada ya siku moja au mbili maganda yote yamekuwa manjano. Ndani je? Kama lilikuwa changa, ndani bado ni jeupe na gumu. Kabaidi imepaka rangi nyumba isiyo na kitu. Tumerudi kwenye ghala lile lile: hakuna wanga wa kugeuka sukari, na beta-karotini haikuongezeka inavyotakiwa.

Tena kuna hatari yenyewe. Kabaidi ya viwandani si safi, mara nyingi huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na vitu hivyo havitakiwi karibu na chakula cha mtu. Unga wake huunguza ngozi na macho, hewa yake hukereketa kifua, na gesi hiyo hushika moto. Anayeumia kwanza ni yule kijana anayeitia kwa mikono mitupu ndani ya chumba kisicho na dirisha. India, nchi inayotoa maembe mengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, imekataza kwa kanuni kuivisha matunda kwa kabaidi.

Sokoni jihadhari na kreti ambalo maembe yake yote yana rangi moja kama yamepakwa rangi na fundi mmoja. Embe lililoiva lenyewe huwa na tofauti: hapa manjano, pale kijani, huku dogo limetangulia na kubwa limechelewa. Linuse penye kikonyo. Embe lililoiva vizuri hunukia hata kabla hujalikata. Lisilo na harufu lina la kueleza. Na kama unaona unga wa kijivu au mweupe umeganda kwenye ganda, mrudishie mwenyewe. Ukishanunua, osha kwa maji mengi yanayotiririka na ulimenye. Usimwache mtoto akauma ganda.

Nyumbani hatuhitaji kabaidi. Tuna kuvumbika. Chukua maembe mapevu, uyapange kwenye kapu, boksi la karatasi au pakacha lililotandikwa majani makavu au nyasi, uyafunike kwa gunia, uyaweke mahali penye kivuli. Ukitaka yawahi, tia ndizi mbili tatu zilizoiva katikati yake, kwa sababu ndizi mbivu hutoa ile ile ethilini. Kwa joto letu la Pwani yataiva kati ya siku 3 na 8. Yatazame kila siku, lililoiva litoe, lililooza litoe upesi. Usiyafunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Yatatoa jasho na kuota ukungu.

Kwa walio na friji: embe ambalo halijaiva lisitiwe ndani. Baridi hulijeruhi, hufanya madoa meusi na halitaiva vizuri tena. Likishaiva ndipo unaweza kulitia kwa siku chache. Na likishamenywa na kukatwa liliwe siku hiyo hiyo, maana vitamini C hupotea linapokaa wazi, na nzi nao hawachelewi.

Sasa nizungumze na wapenzi wa embe bichi, nami ni mmoja wao. Embe pevu ambalo halijaiva ni chakula kizuri. Vitamini C yake nyingi husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe, kunde, pojo na mboga za majani. Madini hayo bila msaada huingia kidogo sana. Mama mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu yake iko chini, pamoja na vidonge vyake, ale kunde zake na kachumbari ya embe bichi pembeni. Hapo embe linafanya kazi ya ndimu. Lakini chai isiandamane na mlo huo, maana chai huzuia chuma kuingia. Ingoje angalau saa moja. Lile embe la kukatwa barabarani na kunyunyiziwa chumvi na pilipili, sitakukataza, najua hamu ya mimba, ila muuzaji awe ameosha mikono na kisu, na mwenye presha ya damu aombe lisilo na chumvi. Na wenye vidonda vya tumbo watalijutia usiku.

Achari ni tamu, lakini kwa kuanikwa juani, kutiwa chumvi na kukaa, vitamini C nyingi huwa imeondoka. Ihesabu kama kiungo. Ukitaka kuhifadhi maembe kwa ajili ya watoto baada ya msimu, kausha mabivu. Kata vipande vyembamba, uviweke kwenye kaushio lililofunikwa ili hewa ya moto ipite lakini jua lisivipige moja kwa moja. Jua kali huiharibu ile rangi ya machungwa, na rangi hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Nimebakiwa na dakika chache, nijibu maswali ambayo huulizwa kila msimu.

Mtoto wa miezi minne anaweza kupewa maji ya embe? Hapana. Hadi miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji ya kunywa hayatakiwi. Akishatimiza miezi 6, mpe embe bivu lililopondwa, vijiko viwili vitatu kwanza. Kama ni lenye nyuzi nyingi lichuje, kwa sababu nyuzi humkaba. Na mtoto mdogo asipewe kokwa anyonye bila mtu mzima kumtazama.

Mbona mtoto anatokwa na vipele kuzunguka mdomo akila maembe? Watu husema ni joto la embe. Mara nyingi ni utomvu, ule ulimbo mwembamba unaotoka kwenye kikonyo. Unaunguza ngozi. Unapoangua, kata embe likiwa na kipande cha kikonyo, kisha ukivunje na uliinamishe chini hadi utomvu ukauke, halafu ulioshe. Mmenyee mtoto, umkatie vipande, badala ya kumwachia ajitafunie ganda. Vipele vikiwa vingi, au midomo ikivimba, au akipumua kwa shida, usingoje asubuhi, mpeleke kituoni.

Na mwenye kisukari? Hapa kungoja embe liive kuna upande wa pili, kwa sababu kadiri linavyoiva ndivyo sukari inavyopanda, na gramu 100 za embe bivu zina gramu 14 hivi za sukari. Hatukatazwi kabisa. Kula kipande au viwili vidogo, pamoja na mlo na si juu ya mlo uliokwisha kushiba, na usilinywe kama juisi, maana glasi moja ya juisi huweza kubeba maembe mawili au matatu bila wewe kuhisi. Siku unapokuja kliniki tueleze unakula kiasi gani, tupange pamoja.

Mwenye swali jingine na amuulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, au aje kituoni siku yoyote ya kliniki.